Mume anayeyusha betri uani, mimba mbili zimetoka: tuanze kupima damu ya nani?

Swali: "Shikamoo dokta. Nina miaka 28, naishi Mbagala. Mwaka huu nimepoteza mimba mbili, ya kwanza ilitoka wiki ya 7, ya pili wiki ya 9, kwenye utrasaundi wakasema mapigo hayapo. Mume wangu ni fundi betri, na jioni anayeyusha risasi ya betri mbovu hapa uani anatengeneza chubwi, vile vizito vya nyavu, anawauzia wavuvi. Picha ya uani nimekutumia. Ovaroli zake nafua mimi. Shoga yangu kaniambia hayo madini ndo yanaharibu mimba, na kuna dawa ya kusafisha sumu mwilini ya elfu 85. Ni kweli? Nipime nini, na nisubiri muda gani kabla ya kujaribu tena?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Pole mara mbili, maana najua watu wakisikia wiki ya 7 wanasema "aa hiyo ilikuwa damu tu", kama vile wewe hukuwa umeshaanza kuhesabu mwezi wa kujifungua. Hiyo elfu 85 ishike kwanza, usiitoe, nitafika huko.

Ndio, risasi inaweza kuharibu mimba changa, na kwa hayo uliyoeleza ya hapo uani lazima ipimwe. Ila kusema inaweza ni jambo moja na kusema ndo iliyozitoa hizi mbili ni jambo lingine, na hapo ndo watu wanachanganya, wanamshika mchawi mmoja wanaacha kutafuta wengine. Mi ningekuwa na wewe hapa kwenye kiti ningekuuliza kitu kimoja kwanza: baba yuko wapi? Damu ya kwanza ninayoitaka sio yako, ni ya mumeo. Yeye ndo anainama juu ya ule moshi kila jioni, wewe unapata kinachodondoka kutoka kwake. Yake ikitoka na namba kubwa tunajua nyumba nzima imeingiliwa, wewe na kama kuna mtoto hapo ndani nanyi mnapimwa haraka. Ikitoka ndogo kabisa basi kwa kiasi kikubwa hii habari ya betri tunaiweka pembeni tunatafuta kwingine. Afu kuna faida ya pili, ya kinyumbani: ukimwambia mwanaume "kazi yako inaua watoto wetu" nyumba inawaka moto, ila ukimwambia "dokta kasema mafundi betri wote wapimwe damu, tuanze na wewe" anakuja. Na ni kweli, yeye ndo yuko hatarini zaidi, risasi inapandisha presha, inachosha figo, inaharibu mbegu za kiume. Mbegu zikiharibika na hiyo ni habari ya mimba pia, sio ya mwanamke peke yake.

Sasa ngoja nikueleze risasi inafikaje kwako, maana watu wengi wanadhani lazima uishike. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi joto 327 hivi, yaani jiko la mkaa lenye kipulizio linafika bila shida. Pale juu ya sufuria linatokea povu la kijivu, fundi analikwangua analitupa pembeni, likikauka linakuwa unga laini kuliko unga wa sembe. Huo unga ndo balaa. Unakaa kwenye ovaroli, kwenye nywele, kwenye pindo za suruali, kwenye kamba mnayoanikia kanga zako pia. Kupita kwenye ngozi inapita kidogo sana, inaingia kwa mdomo na kwa pumzi. Unakung'uta ovaroli kabla ya kuiloweka, umeshavuta. Unafikicha, unafuta mikono kwenye kitenge, unaenda kumenya muhogo, umeshakula. Nilishawahi kumwambia mama mmoja apitishe kitambaa cheupe kilicholowa kwenye kizingiti cha dirisha lake, mumewe alikuwa na kazi hiyohiyo, kikatoka na mstari mweusi kama wa penseli. Sio kipimo cha maabara hicho, usije ukasema dokta kasema, vumbi la kawaida nalo linachafua kitambaa, ila ule mstari ndo uliomfanya mumewe anyamaze na kuanza kusikiliza.

Ikishaingia mwilini risasi inajifanya kalsiamu. Mwili unaipokea kama mgeni wa heshima, unaipeleka kwenye mifupa, na kwa mtu mzima zaidi ya asilimia 90 ya risasi yote mwilini inakaa humo kwenye mifupa kwa miaka na miaka. Kwenye damu inakaa muda mfupi, kila mwezi mmoja na kidogo inapungua nusu, kama umeacha kuingiza nyingine. Ukibeba mimba mwili unachomoa kalsiamu kwenye mifupa kumjengea mtoto, na risasi ya zamani inatoka nayo. Ndo maana mtu anaweza kuwa ameacha kazi ya betri mwaka mzima na bado ikamsumbua. Kondo la nyuma haliizuii, kwenye wiki ya 12 hadi 14 inaonekana imeshavuka kwa mtoto. Kwa mimba za wiki 7 na 9 kama zako madhara tunayoyafikiria ni ya kabla ya hapo, kwenye yai, kwenye mbegu, kwenye homoni zinazoshikilia mimba na kwenye kondo lenyewe linapojaribu kuota.

Ushahidi upo na ni wa zamani. Mwaka 1860 kule Ufaransa daktari Constantin Paul aliandika kuhusu wanawake waliofanya kazi za risasi jinsi mimba zao zilivyokuwa zinatoka mfululizo, na akaona shida hiyohiyo kwa wake ambao hawakugusa risasi, waume zao ndo walikuwa wanafanya hizo kazi. Sijui kama unaona, ni hadithi yako hiyo, miaka mia na sitini iliyopita. Utafiti ninaoupenda mimi ni wa jiji la Mexico uliotoka mwaka 1999, waliandikisha wanawake 668 wakiwa bado miezi mitatu ya mwanzo wakawafuatilia, wakalinganisha damu za waliopoteza mimba na ambao mimba zao ziliendelea. Kila risasi ilipopanda kwa maikrogramu 5 kwenye desilita moja ya damu, uwezekano wa mimba kutoka uliongezeka kama mara 1.8. Waliokuwa na 5 hadi 9 walikuwa kwenye mara 2.3 ukiwalinganisha na walio chini ya 5, na kuanzia 15 kupanda ikafika mara 12. Hiyo 12 usiikariri kwa hofu, waliopoteza mimba kwenye ule utafiti walikuwa wachache, na kuna tafiti nyingine ambazo kwenye viwango vya chini hazikuona tofauti. Ila ukiziweka pamoja picha ni kwamba kiwango kikiwa juu hatari ipo bila ubishi, na kikiwa cha chini hakuna namba ambayo Shirika la Afya Duniani linakwambia hapa ni salama. Mwongozo wao wa mwaka 2021 unasema ukifika 5 tafuta inapotoka na uizuie.

Na usidhani haya ni mambo ya Ulaya na Mexico. Hapo Mombasa tu, mtaa wa Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri katikati ya makazi ya watu, mama Phyllis Omido aliyewahi kufanya kazi pale akagundua mwanae ana risasi kwenye damu, akapambana mpaka mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na mwaka 2020 mahakama ikaamua wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kile ni kiwanda na cha mumeo ni sufuria moja, sawa, lakini kiwanda kina ukuta na sufuria lenu liko hatua ngapi kutoka kitandani?

Turudi kwenye mchawi mmoja. Katika kila mimba 10 ambazo mwanamke ameshajua anazo, moja mpaka mbili zinatoka, na karibu nusu ya zinazotoka mapema ni kwamba kromosomu hazikukaa sawa tangu siku ya kwanza, hakuna ulichobeba wala ulichokula. Ukipoteza mbili mfululizo, wengi wetu siku hizi hatusubiri ya tatu, tunaanza kuchunguza. Kwa hiyo hata namba ya risasi ije ya juu bado nataka upimwe tezi la shingo, sukari, wingi wa damu, kaswende, zile antibodi za antifosfolipidi zinazogandisha damu (hizi zinapimwa mara mbili, wiki 12 katikati, asikwambie mtu moja inatosha), na mfuko wa uzazi uangaliwe vizuri kwa utrasaundi kama una ukuta katikati au uvimbe. Antifosfolipidi ikiwepo ina matibabu yanayojulikana, itakuwa ajabu sana uikose kwa sababu wote tumekazana na betri.

Na sio betri peke yake, naomba uwe mkweli na nafsi yako kwenye mambo manne matano maana hapa Dar vyanzo ni vingi. Mkorogo unapaka? Sikuhukumu, nauliza tu. Krimu nyingi za kung'arisha zisizo na lebo ya kueleweka zimekutwa na zebaki, na zebaki yenyewe inapenya ngozi, inakaa kwenye taulo na mashuka, na mwanao akilala kifuani anaipata. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, unaihusu, Tanzania tuliuridhia mwaka 2020, na vipodozi siku hizi viko chini ya TBS, shirika la viwango, lakini pale sokoni kopo halina hata jina la kiwanda, limeandikwa tu siku 7. Hiyo acha leo. Wanja wa manga nao, ule wa jiwe unaosagwa, mara nyingi jiwe lenyewe ni risasi tupu kwa jina lingine. Sufuria nzito za kusubu zinazotengenezwa kwa skrepa, mwaka 2017 ulitoka utafiti wa vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10 na Tanzania ilikuwemo, theluthi moja vilikuwa vinaachia risasi ya kutisha vikipikiwa kitu chenye asidi. Kwa hiyo mchuzi wa nyanya, ukwaju na ndimu pikia kwenye stenlesi au chungu.

Udongo wa kula. Hapa ntakaa kidogo maana mimi mwenyewe nilipokuwa na mimba ya mwanangu wa kwanza nilikuwa nanunua pemba zile za mafungu sokoni, naficha kwenye mfuko wa koti jeupe, daktari mzima. Ile harufu ya udongo uliolowa mvua unaijua. Kule Geita wakauchunguza mwaka 2014, karibu nusu ya wajawazito waliowauliza walikuwa wanakula udongo, na kwenye huo udongo kukawa na aseniki, zebaki, kromiamu na wenzao. Hamu ya udongo mara nyingi inaendana na upungufu wa damu, na mwili wenye upungufu wa madini chuma unaifyonza risasi vizuri zaidi, kwa hiyo unakula kitu chenye sumu kwa sababu ya hali inayokufanya uipokee sumu hiyo vizuri zaidi. Pima damu, tibu upungufu, hamu kwa wengi inapungua yenyewe.

Samaki usiache, tafadhali. Watu wakisikia zebaki wanaacha samaki wote wanabaki na soseji. Punguza wale wakubwa wanaokula wenzao, papa, nduaro, sansuli, na nguru mkubwa isiwe kila siku. Dagaa na vibua kula upendavyo, tena dagaa mzima na mifupa yake ni kalsiamu ya bei rahisi kuliko kidonge. Sigara ina kadimiamu, madini mengine yenye sumu, kama mumeo anavuta ndani hiyo ni sababu ya pili ya kumtoa nje.

Kuhusu kipimo chenyewe. Unachotaka ni risasi kwenye damu ya mshipa, imechukuliwa kwenye chupa safi maalum, mkono umesafishwa vizuri kwanza, maana vumbi la kwenye ngozi tu linaweza kudanganya majibu. Sio mkojo, sio kucha, na sio nywele. Kuna mgonjwa wangu alilipa pesa nyingi mahali fulani wakamkata nywele wakamletea kurasa sita zenye rangi nyekundu na kijani, ana "sumu" kumi na moja, na palepale kaunta wanauza dawa ya zote kumi na moja. Nywele zinabeba vumbi, rangi, mafuta, huwezi kumtibu mtu kwa karatasi ile. Kipimo cha damu sio kila maabara wanacho, kwa hiyo kabla hujapanda daladala piga simu uliza vitu viwili: mnapima wenyewe au mnasafirisha sampuli, na majibu mnatoa kwa kizio gani. Daktari wako anaweza pia kuwasiliana na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kuulizia. Zebaki ya mkorogo inaonekana kwenye mkojo, ya samaki kwenye damu, hilo mwambie anayeandika fomu kama unapaka.

Namba ikija chini ya 5 (maikrogramu kwa desilita) usisitishe maisha kwa ajili ya risasi, endelea kupunguza vumbi na mimba mnaweza kujaribu vipimo vingine vikishakuwa sawa. Ikiwa 5 na kuendelea, mnazuia chanzo, mnapima tena baada ya miezi miwili mitatu mnaona inashuka au la, na mimi binafsi ningeomba mtumie uzazi wa mpango mpaka ione njia ya kushuka. Miezi mitatu hiyo pia ndo muda wa mbegu mpya za mumeo kutengenezwa, kwa hiyo haipotei bure. Ikifika 45 au zaidi hiyo ni ya hospitali kubwa, na hapo ndo kuna dawa za kweli za kuitoa risasi, zinazotolewa na daktari anayejua na anayefuatilia figo zako.

Ile ya elfu 85 sio hizo. Sijaiona chupa yake lakini naijua familia yake, tone kumi asubuhi, kinyesi kinakuwa cheusi unaambiwa sumu inatoka. Hata zile dawa za hospitali hatumpi mtu mwenye kiwango kidogo anayetaka kubeba mimba, sembuse hiyo isiyo na jina. Na nyingine za kusafisha ni udongo wa unga, unaoweza kuwa na risasi ndani yake. Mlonge, vitunguu swaumu, maji ya ndimu, kunywa kama unapenda, ni chakula, havifukuzi risasi kwenye mfupa. Kinachosaidia kweli ni cha kawaida mpaka watu wanakidharau: maziwa au dagaa upate kalsiamu, maharage na mchicha na nyama ukiweza kwa ajili ya chuma, chungwa pembeni, chai ya rangi uisogeze mbali na mlo maana inazuia chuma kuingia. Na foliki asidi maikrogramu 400 kila siku anza sasa hivi kabla ya mimba, hii sio ya risasi, ni ya uti wa mgongo wa mtoto, lakini wanawake wengi wanaianza wakiwa wameshachelewa.

Nyumbani, kuyeyusha hapo uani kuishe. Najua chubwi ndo hela ya kodi, najua, sisemi mumeo aache ufundi, nasema asiyeyushe pale mnapolala na kupikia. Kuchaji na kubadilisha betri kuna hatari ndogo kuliko kuyeyusha, na betri mbovu wanunuzi wenye vibali wapo, anaweza kuuza nzima bila kuipasua. Ovaroli ibaki kazini, na ikibidi ije basi ije kwenye mfuko uliofungwa, asiikung'ute mtu, ilowekwe kwa sabuni kwenye beseni lake peke yake, afue yeye mwenyewe, na yale maji yasimwagwe kwenye bustani ya mchicha. Akifika aoge na nywele kabla ya kukumbatia mtu. Sakafu usifagie kavu, deki kwa maji na sabuni, fagio kavu linalipandisha lile vumbi hewani afu mnalivuta wote. Pale uani palipokuwa panayeyushwa tandikeni kifusi safi au zege, na kuku msifugie hapo, wanadonoa na mayai mnakula nyie.

Mkishapimana niandikie namba yenyewe na kizio chake, yako na yake, sio "wamesema iko juu kidogo". Na kwenye ile picha uliyonitumia nimeona sufuria la kuyeyushia limeegemezwa ukutani chini ya dirisha la chumbani, na juu ya dirisha hilo pazia liko nje linapepea. Hilo sufuria lihame leo, kabla hata ya kipimo, na lisije likarudi jikoni.